Miaka 14 nikifuatilia mafuta na umeme Uganda: kwa wanaotaka kuingia kazi hii

BintiBombo (mwanzisha uzi)

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo.

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia pembeni. Anaripoti michezo, anataka kuhamia uchunguzi wa mafuta "kwa sababu huko ndiko pesa ziliko". Nilicheka mpaka mwanangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Pesa ziko huko, sikatai, ila sisi tuko upande wa kuzihesabu. Nikaanza kumjibu, jibu likanenepa, nikaona bora nilimwage hapa na wengine wachangie.

Mimi ni mtoto wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini ya Kampala. Nyumbani Kinubi, barabarani Kiswahili, sokoni Kiganda. Naitaja hiyo mapema kwa sababu lugha imenifungulia milango mingi kuliko kitambulisho cha kazi, na mara moja imenifungia.

Nilianza 2011 nikiwa mwandishi wa kulipwa kwa habari, kituo Hoima. Mafuta yalikuwa yameshathibitishwa ziwa Albert tangu 2006, na Oktoba hiyo ya 2011 Bunge liliitwa kutoka mapumzikoni kuyajadili, nchi nzima ikawa inaongea mikataba. Mhariri akanipigia: tuletee mafuta. Malipo ya habari moja hayakutosha nauli ya kwenda Kampala na kurudi, kwa hiyo niliishi kwa posho za warsha. Unakaa hoteli, unakunywa chai, unasikia wakubwa, unapewa bahasha iliyoandikwa "nauli", jioni unaandika kwamba wananchi wamehamasishwa. Niliandika hizo nyingi tu. Siko hapa kujitakasa.

Kilichonigeuza ni karatasi. Nilikuwa nimetoa habari kwamba wakazi wa kijiji kimoja, sikitaji, wamepokea vizuri zoezi la kupimiwa ardhi. Wiki iliyofuata nikapita tena njia ile kwa shughuli nyingine kabisa, mzee mmoja akanisimamisha. Akaingia ndani, akatoka na kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, ndani mna karatasi imekunjwa mara nne. "Binti, wewe unasoma Kizungu. Hapa wamesema nini?" Ilikuwa fomu ya kampuni ya upimaji. Mihogo imehesabiwa, miembe mitatu, kaburi moja. Pale pa kiasi cha pesa, patupu. Pale pa saini, dole gumba lake la wino, tayari.

Mzee yule alikuwa mmoja wa hao "waliopokea vizuri" kwenye habari yangu. Nilimsomea, nikamwona anahesabu kimoyomoyo. Nilirudi kwake mara tisa ndani ya miaka mitatu. Habari niliyoipata ziara ya sita nisingeipata ya kwanza hata ningekuja na kamera kumi, kwa sababu mpaka ziara ya tano alikuwa bado ananipima nimetumwa na nani.

Kwa hiyo kijana wangu, ukiniuliza kazi hii ni nini, ni kurudi. Magari ya warsha yakiondoka, wewe panda boda urudi.

Naendelea post inayofuata, simu inaita.

BintiBombo

Tuendelee. Karatasi.

Wengi wanadhani uchunguzi ni mtu kukunong'oneza usiku kwenye maegesho. Imenitokea labda mara mbili, na moja alikuwa anataka tu kumchomea bosi wake. Kazi ya kawaida ni kusoma vitu vinavyochosha.

Chukueni mkataba wa kugawana uzalishaji. Kampuni inachimba kwa pesa zake, mafuta yakitoka inajirudishia gharama kwanza, kinachobaki ndicho kinagawanywa na serikali. Ni kama kulima kwa ubia. Mwenye mtaji anatoa kwenye mavuno gharama ya mbegu na vibarua, halafu mnagawana. Akiandika vibarua kumi wakati walikuja sita, shambani halijaibiwa hata hindi moja, ila debe lako limepungua. Ndiyo maana Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua gharama hizo na kuzipinga zile asizoridhika nazo, na ndiyo maana mimi kila Desemba ripoti yake ikienda Bungeni sisafiri, sipokei wageni.

Mikataba yenyewe je? Hapo kuna historia ambayo kila anayeingia kazi hii inabidi aijue. Mwaka 2002, kwenye kesi ya Greenwatch, shirika la mazingira, Mahakama Kuu ilikubali kwamba mkataba wa kununua umeme wa bwawa la Bujagali ni hati ya umma. Safi. Ila ikawanyima, kwa kuwa shirika lile halikuthibitisha kuwa ni raia! Baadaye ikaja Sheria ya Kupata Habari ya 2005, tukashangilia. Waandishi wawili, Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama, wakaitumia kuomba mikataba ya mafuta. Wakakataliwa, wakaenda mahakama ya hakimu mkuu Nakawa, na mwanzoni mwa 2010 wakashindwa. Sheria ipo, haki ipo, hati haipo.

Hata hivyo naomba kwa maandishi kila mara. Ofisi ina siku 21 za kujibu, ikinyamaza sheria inahesabu kwamba imekataa, na hapo una pa kulalamikia. Na barua ya kukataa nayo ni habari. Nina faili zima la kukataliwa, limeshiba kuliko la majibu.

Njia ya pili ni kuzunguka nyuma ya nyumba. Kampuni ya mafuta ya Heritage ilipouza hisa zake za hapa kwa mwenzake Tullow mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.45, serikali ilidai kodi ya faida ya mtaji, asilimia 30. Heritage ikagoma. Ugomvi ukaenda kwa wasuluhishi London, Uganda ikashinda. Huku nyuma Tullow iliyolipa kodi hiyo ikaishtaki Heritage mahakamani hukohuko London, ikashinda dola milioni 313 mwaka 2013. Hukumu hiyo mtu yeyote anaweza kuisoma. Mambo ambayo hapa Kampala tulikuwa tunaambiwa ni siri ya biashara, kule jaji ameyasimulia aya kwa aya. Tangu hapo kila kampuni nikiifuatilia nauliza kwanza kwao ni wapi, imeandikishwa soko gani la hisa, na inagombana na nani.

Na kodi ileile ikazaa habari nyingine. Januari 2017 nchi ikajua kwamba maofisa 42 wa serikali waligawiwa shilingi bilioni 6 za pongezi kwa kushinda kesi ile. Watu wakaiita "mkono wa Rais". Kamati ya Bunge ikawaita mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa amepekua mapipa usiku. Malipo yaliacha alama kwenye vitabu, mtu akaziona.

KijanaWaArua

Dada, ndiye mimi wa michezo, asante kwa kutonitaja jina, hahaha. Swali: hiyo mara lugha "ilipokufungia" mlango ilikuwaje? Maana mimi Kiswahili ninacho, nilidhani ni mtaji.

BintiBombo

Ni mtaji. Ila Uganda hii Kiswahili kina sare.

Mwalo mmoja wa ziwa Albert, upande wa Kaiso. Wavuvi pale ni Waalur, Wagungu, Wanyoro, na Wakongo wanaovuka kutoka upande wa Bunia. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili, nikajua leo nimefika nyumbani. Nikawasalimu akina mama waliokuwa wanaanika muziri: "Habari za kazi, nataka kuuliza maswali kidogo." Nilivyosema "maswali", mmoja akaanza kukusanya samaki wake. Dakika mbili mchanga mtupu. Mwanamke mgeni, Kiswahili cha Bombo, viatu vizito. Kwao huyo ni askari, na askari wa doria ya uvuvi wakifika hapo mitumbwi na nyavu huchomwa.

Niliokolewa na mama mmoja wa Kikongo muuza chapati. Alinisikiliza, akasema, "Wewe unaomba kama unaamuru." Alikuwa sahihi. Kiswahili nilichokulia ni cha "lete", "kuja", "toa". Cha kambini. Nikakaa kwake siku nzima nikila chapati, siulizi kitu. Siku ya pili walianza kunichokoza. Ya tatu mvuvi mmoja akanieleza mwenyewe jinsi mpaka wa eneo la mradi ulivyosogea kwenye njia yake ya kutoka ziwani.

TangaRaha

Hahaha, "lete"! Hapa Tanga ungelala njaa. Karibu uzi dada, mimi ni mtu wa Chongoleani, bomba lenu la mafuta ghafi kutoka Hoima linaishia kwetu. Kilomita 1,443, na kati ya hizo 296 tu ndizo zenu. Mbona waandishi wa Uganda mnaliandika kama lote liko Hoima?

BintiBombo

Umenipata pabaya, kaka. Ni kweli. Wahariri wetu wanadhani dunia inaishia Mutukula, mpakani.

Mimi nilikuja kwenu mara moja. Nikavuka mpaka, kisha nikashuka hadi Tanga kwa mabasi, mgongo haujasahau. Siku ya kwanza mgahawani nikamwambia mama ntilie "wewe, lete maji". Akaniangalia, akaniambia taratibu, "Mwanangu, sema *naomba*." Nimekuwa mtu wa naomba hadi leo, watoto wangu wananicheka.

Ila safari ile ilinifundisha jambo la kazi. Kwenu nilikuta neno moja linalobeba habari nzima: *waguswa*. Sisi tulikuwa tunaandika "watu walioathiriwa na mradi" mpaka msomaji anasinzia. Na nilikuta waguswa wa kwenu wanauliza maswali yaleyale ya Kikuube na Rakai: tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali imepita, nimeambiwa nisipande mazao ya kudumu, pesa lini? Mafuta haya yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba linapashwa moto nyuzi 50 njia nzima. Wahandisi wamefikiria kila kilomita mafuta yasipoe. Mkulima aliyekaa msimu hadi msimu hajui apande kahawa au ang'oe, huyo hakuwa na mhandisi.

Kisheria kwetu hili liko wazi. Katiba, ibara ya 26, inataka fidia ya haki ilipwe haraka na kabla mtu hajatwaliwa mali yake. Sheria ya Ardhi inaongeza posho ya usumbufu, asilimia 15, au 30 kama umepewa notisi isiyofika miezi sita. Nimekutana na waguswa wengi waliojua bei ya mwembe lakini hawakuwahi kusikia hiyo 30. Nikifika kijijini, kabla ya kuuliza chochote, hiyo nawaambia. Kuna mwenzangu husema huo si uandishi, ni uanaharakati. Sawa, na anipeleke kwa baraza la habari.

MzalendoHalisi

Mimi nitasema ukweli hata kama mtachukia. Nyinyi waandishi wa "uchunguzi" mnatumwa na wazungu. Wao wamechimba mafuta miaka mia, sasa sisi tukitaka letu mnalia mazingira. Nani alikulipia hiyo safari ya Tanga?

BintiBombo

Ndugu, swali lako ni zuri kuliko ulivyokusudia.

Safari ya Tanga ililipwa na ruzuku ya shirika la nje. Sifichi. Na ni tatizo, tena kubwa. Chombo changu hakina pesa ya kunituma hata Masindi. Ruzuku inakuja na mada yake: mwaka huu jinsia, mwaka ujao tabianchi. Nimewahi kuwa na habari nzuri ya zabuni, nikatafuta wa kuigharamia nikakosa, kwa sababu haikuwa na mto wala nyani ndani yake. Kwa hiyo ndiyo, mwenye pesa anachagua tunaangalia wapi. Ninachomnyima ni kuchagua nimeona nini.

Ila na wewe angalia upande wa pili. Niliwahi kukamilisha uchunguzi wa miezi saba kuhusu kampuni moja ya nishati. Nyaraka ninazo, majibu yao ninayo, mwanasheria wa gazeti amepitisha. Wiki ya kuchapa, kampuni hiyohiyo ikanunua kurasa nne za matangazo. Habari ikaambiwa "isubiri kidogo". Mpaka leo inasubiri, gazeti lile nimeondoka, na mhariri wangu naye ameondoka. Ni meneja mawasiliano mahali fulani, analipwa vizuri, tunasalimiana. Hakuna mzungu kwenye hadithi hiyo.

Na hilo la "letu", tuko pamoja. Mapipa bilioni 6.5 yako chini, yanayokadiriwa kuchimbika ni bilioni 1.4. Tumeambiwa yatatoka 2018, halafu 2020, halafu 2025, halafu 2026. Kama ni letu, mtu si aulize?

FundiMita

Uzi mtamu lakini mnaongea mafuta tu. Mafuta hayajatoka, umeme unatukaanga kila siku. Mimi fundi wa majumbani, Kawempe. Tangu UEDCL ya serikali wachukue usambazaji kutoka kampuni ya Umeme mwaka 2025, wateja wananiuliza mimi kama ndiye waziri. Makamyufu, wale mafundi wa wizi, wanaunga nyaya usiku, mchana transfoma inalipuka. Andika na hilo.

BintiBombo

Fundi, shikamoo. Umeme ndio mkate wangu, mafuta ni mboga.

Na hapa kuna kitu ambacho sijaona watu wakikijadili. Umeme (kampuni, si kile kinachowasha taa, jina lile limetutesa miaka 20 kwenye vichwa vya habari) iliingia Machi 2005 na mkataba wake ukaisha mwisho wa Machi 2025. Wengi walishangilia, na sababu walikuwa nazo, bei zilikuwa zinauma. Lakini mwaka 2012 kampuni ile iliuza hisa kwenye soko la Kampala. Tangu hapo, kila nusu mwaka ilibidi ianike hesabu: imekusanya kiasi gani, umeme gani umepotea njiani, wenye hisa wamepata nini. Mimi nilikuwa napata habari tatu kwa mwaka bila kumbembeleza mtu. Sasa msambazaji ni wa serikali asilimia mia, hayuko sokoni, na mwenye hisa ni mimi na wewe ambao hatuitwi mkutanoni. Nimerudi kumsubiri Mkaguzi Mkuu.

Mabwawa vilevile. Karuma ilianza kujengwa 2013, megawati 600, asilimia 85 ya pesa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ikazinduliwa Septemba 2024. Isimba, megawati 183, ilizinduliwa 2019, na Agosti 2022 maji yakaingia kwenye nyumba ya mitambo, ikazimwa, nchi ikarudi kwenye mgao. Usiku ule kila mtu alitafuta picha za mafuriko. Mimi nilitafuta orodha ya kasoro, yaani ile orodha mhandisi msimamizi anayoandika wakati wa kukabidhiwa: hiki hakijafungwa, hiki kinavuja, hiki mkandarasi arudie. Picha inakuambia kumetokea nini. Orodha ya kasoro inakuambia nani alijua na tangu lini.

Kitu cha mwisho kwa fundi: mteja akikuuliza mbona tuna umeme wa ziada na bei haishuki, mweleze mikataba inayolipia umeme hata usipotumika. Bwawa liko tayari, nyaya za kuutoa haziko tayari au wanunuzi hawatoshi, mkataba unasema lipa. Ni sawa na kukodi teksi nzima pale Old Taxi Park, viti 14, ukapanda peke yako. Dereva hana kosa. Muulize aliyekodi.

MamaKyangwali

Mimi nauliza kama mzazi. Binti yangu anasomea uandishi Makerere. Usalama je?

BintiBombo

Mama, sitakudanganya. Niliwahi kushikiliwa kituoni saa sita, simu ikachukuliwa, nikaachiwa bila kuandikwa popote. Mei 2021 mwandishi wa Kiitaliano alikamatwa Buliisa akifuatilia mambo hayahaya, dunia ikasikia. Sisi wa hapa tukikamatwa anasikia mume na mhariri, kama mhariri ameshika simu.

Sheria inakwenda mbele na nyuma. Mahakama ya Juu ilifuta kosa la "habari za uongo" mwaka 2004. Mahakama ya Katiba ikafuta uchochezi 2010, na Januari 2023 ikafuta kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta. Lakini miezi michache tu kabla, Oktoba 2022, sheria hiyohiyo ilikuwa imeongezewa makosa mapya. Unaziba huku, panatoboka kule.

Ila hofu yangu kubwa si mimi. Ni chanzo. Tuna sheria ya kuwalinda watoa siri, ya 2010, inaahidi asilimia 5 ya pesa itakayookolewa. Watu wanaisikia hiyo, wananijia. Nawasomea kwanza: inakulinda ukipeleka siri kwa mamlaka zilizotajwa, kama Mkaguzi wa Serikali (IGG) au polisi. Mwandishi hayumo. Ukinipa mimi karatasi, uko nje kwenye mvua. Mimi sheria ya vyombo vya habari ya 1995 inanilinda nisitaje chanzo mpaka mahakama iniamuru, wewe hauna hata hicho. Nusu yao huondoka na karatasi zao mkononi. Ziliniuma zile zilizoondoka, moja hasa, ya zabuni ya nguzo. Lakini mwenye nazo alikuwa na watoto wanne na nyumba ya kazi.

Kwa binti yako: afundishwe kuacha simu nyumbani, kumpigia mtu mmoja kila jioni kwa saa ileile, na kutokumpiga picha mguswa mbele ya nyumba yake. Hilo la mwisho nililijifunza kwa kumponza mtu. Alihojiwa siku mbili baada ya picha yangu, kwa sababu mlango wake ulikuwa wa kijani na kijijini mlango wa kijani ulikuwa mmoja.

KijanaWaArua

Dada nimesoma yote. Sijakata tamaa, sijui kwa nini. Nimepakua ripoti ya Mkaguzi Mkuu kama ulivyosema. Kurasa ni nyingi kweli. Nianzie wapi?

BintiBombo

Anzia viambatisho, nyuma kabisa. Mbele wameandika wakijua itasomwa. Tafuta mstari mmoja tu wenye kiasi na jina la wilaya unayoweza kufika kwa nauli yako. Nenda ukaone kama kilichoandikwa kipo. Halafu mwezi ujao nenda tena.

Ukikwama njoo hapahapa, nitakujibu kesho. Yaka yangu, mita ya kulipia kabla, imebakiza yuniti mbili na duka la karibu limefungwa, kwa hiyo nikipotea usiku huu msianze kusema nimekamatwa.

FundiMita

Hahaha. Tuma namba ya mita, dada, nikununulie tano.

BintiBombo

Bahasha hiyo, fundi! Sipokei.

...Sawa, tatu.